Chai Baada ya Nusu Saa

Kwetu Lamu mtu haulizwi kama amekula chakula cha asubuhi. Huulizwa kama amekunywa chai. Neno hilo moja hubeba kila kilichomo kwenye sinia: mahamri, mbaazi za nazi, vitumbua, mkate wa sinia, pamoja na birika lenyewe la chai ya maziwa iliyotiwa iliki na tangawizi. Nimekua nikiamini kwamba kula na kunywa asubuhi ni jambo moja, tonge kwa funda, na hamri lisilochovywa ndani ya kikombe lilikuwa kwangu hamri ambalo halijaliwa ipasavyo. Ndiyo maana, nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo mwezi wa Oktoba 2022 nikiwa na umri wa miaka 47, sharti lililonitesa kuliko yote halikuwa kula kidogo, wala kuacha sukari. Lilikuwa lile la kutokunywa chochote wakati ninapokula, na kungoja nusu saa nzima baada ya tonge la mwisho.

Sitaeleza kwa urefu yaliyonipeleka huko. Nilikuwa na kilo 124, presha, ugonjwa wa sukari na magoti yaliyokuwa yakilalamika kila nilipopanda ngazi za nyumba yetu, nami ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye kazi yake ni ya kusimama. Nilikuwa nimejaribu njia nyingi kwa miaka mingi. Upasuaji ulifanyika Nairobi, na ulikuwa ule ambao wauguzi waliuita slivu: daktari hukata na kuondoa takribani robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo, likabaki bomba jembamba linalofanana na ndizi, ambalo mwanzoni hubeba kiasi cha mililita 100 hadi 150 tu. Sehemu inayoondolewa ndiyo hasa inayotengeneza homoni ya njaa iitwayo ghrelini, jambo ambalo nilielezwa kabla ya upasuaji na sikulitilia maanani, hadi liliponiletea matatizo ambayo nitayasimulia.

Karatasi ya maelezo niliyopewa wakati wa kutoka hospitali iliandikwa kwa uangalifu, lakini iliandikwa kwa ajili ya jiko la watu wengine. Ilitaja oti, jibini laini ya kopo, maziwa ya unga wa protini na matunda ambayo sokoni kwetu hayaonekani. Haikuwa na neno hata moja kuhusu mbaazi, samaki, nazi, wala kuhusu mtu ambaye siku yake huanza kwa adhana ya alfajiri. Sikulalamika wakati ule, kwa kuwa nilidhani kasoro ilikuwa yangu. Leo naona kwamba mgonjwa anayerudi nyumbani mbali na hospitali anastahili kuulizwa kwanza, “Kwenu asubuhi mnakula nini?” kabla ya kukabidhiwa orodha yoyote.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za vinywaji pekee, na hapo ndipo mamangu aliponisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Alikuwa amepita miaka 70, na hakuwa ameafiki upasuaji huo hata kidogo. Aliposikia kwamba natakiwa kunywa angalau lita moja na nusu kwa siku, lakini kwa funda ndogo mno, alikwenda kabatini akatoa finjani za kahawa, zile ndogo zisizo na mkono. Nilipima moja kwa bomba la sindano. Iliingia mililita 60. Kwa hesabu hiyo nilihitaji finjani 25 kila siku. Mama akatafuta komwe za bao, akazihesabu 25 ndani ya kisahani cha bati, na kila nilipomaliza finjani alihamisha komwe moja kwenda kisahani cha pili. Finjani moja ilinichukua robo saa: maji, supu ya samaki iliyochujwa, maziwa yaliyopunguzwa makali. Jua la Novemba lilikuwa kali na mwili ulikuwa na kiu, lakini ukinywa kwa pupa tumbo jipya hukaza kama kamba. Siku ya kwanza zilihama komwe 14 tu. Ilipofika siku ya tisa kisahani cha kwanza kilikuwa kitupu kabla ya isha, na mama hakusema lolote, ila aliniangalia akatabasamu.

Kisha ikaja hatua ya vyakula vilivyopondwa, na hapa niligundua jambo lililonifurahisha sana. Mbaazi, nguzo ya asubuhi ya kwetu, ziliniruhusu kubaki nazo. Zilichemshwa hadi zikavurugika, zikapikwa kwa tui jepesi badala ya tui zito, pilipili ikaachwa, kisha zikapitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki. Nilianza na vijiko vitatu vya chai. Nilikaa na kisahani kile kwa dakika ishirini, nikiweka kijiko chini baada ya kila tonge, kwa sababu kijiko kinachobaki mkononi hurudi chunguni chenyewe. Ladha ilikuwa ile ile ya utotoni. Nililia kidogo, na siioni haya kusema hivyo, kwa maana wiki mbili za supu humfanya mtu ajione amefukuzwa katika nyumba yake mwenyewe.

Kosa langu kubwa la kwanza lilitokea katikati ya Desemba. Jamaa walikuwa wamekuja kutoka Mombasa kwa likizo, nyumba imejaa watoto, na harufu ya mahamri ikapanda kutoka jikoni tangu alfajiri. Nilikuwa nimekwisha kuruhusiwa vyakula laini. Nilijiambia kwamba hamri nalo ni laini, tena nitakula nusu tu. Nikalichovya ndani ya chai kama nilivyozoea, nikameza tonge la kwanza, la pili, la tatu, nikazungumza na wifi yangu huku nikiendelea. Tonge la nne halikushuka. Kwanza pua ilianza kutiririka, kisha nikahisi uzito chini ya mfupa wa kifua, mfano wa mtu aliyemeza kokwa ya embe. Mate yakajaa kinywani, mazito, yenye povu. Nilitoka hadi ukutani nyuma ya nyumba, nikainama pale kwa muda uliokaribia saa nzima, hadi kile kidogo nilichokula kiliporudi, kikiwa donge moja lililoshikamana.

Mtaalamu wa lishe alinifafanulia baadaye kwa simu. Unga wa ngano uliofinyangwa ukichanganyika na kimiminika hugeuka gundi. Tumbo la zamani lililokuwa pana liliweza kuisukuma gundi hiyo, lakini bomba jembamba haliwezi. Isitoshe, anayekunywa pamoja na chakula hupata mojawapo ya hasara mbili: ama tumbo hujaa kwa ghafla na kuuma, ama kinywaji hukisukuma chakula kitoke upesi, akashiba dakika kumi na kuona nafasi tena. Aliniambia pia neno ambalo ningependa kila aliyefanyiwa upasuaji huu alishike: kukwama mara moja kwa sababu ya pupa ni somo, lakini mtu akitapika mfululizo kwa siku mbili au tatu na asibakize kitu tumboni, arudi hospitali bila kungoja, kwa kuwa vitamini B1 huisha mwilini haraka na upungufu wake huweza kuharibu neva.

Tangu siku hiyo mahamri yameondoka katika asubuhi zangu. Wapo waliofanyiwa upasuaji kama wangu ambao baada ya mwaka hula mkate bila taabu. Mimi naweza robo ya mkate wa mofa uliokauka vizuri, ukitafunwa hadi uwe laini kabisa, lakini hamri sijalirudia.

Tatizo la pili lilikuwa la kimya zaidi, na nadhani ndilo linalowapata wengi bila wao kujua. Shule zilipofunguliwa Januari 2023, niligundua kwamba sina njaa asubuhi. Si njaa ndogo, haikuwapo kabisa. Nilikuwa naamka, naswali, navaa, napita vichochoro hadi shuleni, nafundisha, na huenda nisikumbuke chakula hadi saa saba mchana. Niliona ni neema. Baada ya maisha marefu ya kupambana na njaa, ni nani asingefurahi kuachwa nayo huru? Mizani ilishuka, watu wakanisifu barabarani, na mimi nikachukulia kutokula asubuhi kuwa sehemu ya tiba.

Mwezi wa Februari nywele zilianza kutoka kwa mafungu ndani ya kitana. Nilijua kwamba nywele hupukutika kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, hata kwa wanaokula vizuri, kwa sababu ya kupungua kwa kasi. Lakini kucha nazo zilikuwa zikichanika, na siku moja, mnamo saa nne asubuhi, niliandika sentensi ubaoni, nikageuka, na darasa likazunguka. Mwanafunzi mmoja aliniletea kiti kabla sijamwomba.

Mtaalamu alinitaka niandike kila ninachokula kwa wiki nzima pamoja na saa yake. Daftari lile lilinifichulia mengi. Nilikuwa nikipata karibu gramu 30 za protini kwa siku, ilhali nilihitaji kati ya 60 na 80, na karibu zote ziliingia baada ya magharibi. Tumbo dogo haliwezi kulipa deni la siku nzima kwa mlo mmoja wa jioni. Hujaa kabla ya kufika nusu. Kwa hiyo anayeruka asubuhi hana tena wakati wa kufidia, na hilo ndilo jambo ambalo nilikuwa sijalielewa. Zaidi ya hayo, jioni nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikula vilivyo vyepesi kushuka, yaani biskuti na ndizi ya kuiva, badala ya samaki.

Akaniambia nile ndani ya saa moja na nusu tangu kuamka, niwe na njaa au nisiwe nayo. Nilijaribu kuweka kengele kwenye simu, lakini niliizima mara mbili nikaacha. Kilichonifaa ni kufunga chakula kwenye mambo ambayo tayari yalikuwa yakiipanga siku yangu. Naamka kwa adhana, karibu saa kumi na moja. Baada ya kuswali nakunywa finjani tatu za maji, taratibu, nikiwa nimekaa dakani, yaani kibarazani mlangoni, huku mtaa ungali na giza na punda wa jirani akianza kusogeasogea. Katika miezi ya mwanzo huo ndio ulikuwa wakati wa kidonge cha omeprazoli, ambacho humezwa yapata nusu saa kabla ya chakula ili kipunguze asidi. Ikifika saa kumi na mbili na robo sinywi tena. Saa kumi na mbili na nusu nakula, na saa moja kasoro dakika kumi nimemaliza, hata kama kisahani hakijaisha.

Kilichomo kisahanini hubadilika kidogo tu. Yai moja la kuchemsha lina kama gramu 6 za protini, na kipande cha changu au nguru wa jana, cha gramu 50 hivi, huongeza gramu 11 au 12. Hapo nimepata gramu 17 au zaidi kabla jua halijapanda sana. Naanza na samaki, kwa sababu kinachoanza ndicho chenye hakika ya kupata nafasi. Mbaazi vijiko viwili hufuata pakiwa na mahali. Samaki aliyebaki hukauka, na chakula kikavu hukwama, kwa hiyo mama humpasha moto kwa tui jepesi na ndimu. Siku ambazo yai linanichukiza, jambo ambalo hunitokea bila sababu, nakula maziwa lala kwa kijiko. Pua ikianza tu kutiririka, naacha. Kwangu hiyo ndiyo alama ya kushiba, na huja tonge moja kabla ya maumivu.

Chai sasa hufuata baadaye, saa moja na dakika ishirini, na hailetwi pamoja na kitu kingine chochote. Ni chai ya maziwa, iliki na tangawizi vile vile, bila sukari. Hilo la sukari nalo nilijifunza kwa mwili. Asubuhi moja, nyumbani kwa jirani aliyefiwa, niliona haya kukataa, nikanywa kikombe cha chai tamu na kaimati mbili. Baada ya dakika ishirini moyo ulikwenda mbio, jasho likanitoka, nikalazimika kulala kwenye mkeka wa wenye msiba. Ilipita saa moja na nusu nikaanza kutetemeka na kuona giza. Nilielezwa kwamba sukari nyingi inapotoka tumboni kwa kasi na kuingia utumbo mwembamba, kwanza huvuta maji na kuuchangamsha mwili kupita kiasi, kisha insulini humwagwa nyingi na sukari ya damu ikashuka chini ya kawaida. Hali hiyo huwapata zaidi waliofanyiwa upasuaji wa baipasi, ule unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo mwembamba, lakini sisi wa slivu hatukusalimika nayo. Kwa aliyekuwa akitumia dawa za sukari kama mimi ni jambo la kuangaliwa mapema na daktari, maana dozi ya zamani huenda ikawa kubwa mno kwa mwili mpya; yangu ilipunguzwa mwezi wa kwanza baada ya upasuaji na ikasimamishwa mwezi wa nne.

Chai ilinilazimu pia kupanga upya vidonge. Chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na kalsiamu nayo hushindana na chuma, hivyo kuvimeza vyote asubuhi pamoja, kama nilivyofanya mwanzo kwa kudhani nimemaliza kazi mapema, ni sawa na kuvitupa. Sasa multivitamini hufuata chakula cha asubuhi, kalsiamu imegawanywa mara mbili mchana na jioni, na chuma nakimeza usiku nikiwa mbali na vyote viwili. Vidonge hivi ni vya maisha, na vipimo vya damu ni vya kila mwaka.

Ramadhani ndiyo iliyonipa mtihani mrefu zaidi, kwa kuwa Ramadhani hubadilisha maana yenyewe ya mlo wa kwanza. Ile ya 2023 ilinikuta nikiwa na miezi mitano tu baada ya upasuaji, na daktari alinikataza kufunga. Nilikubali kwa uchungu. Kukaa jikoni mchana na finjani ya maji mkononi, mji mzima ukiwa umefunga, kulinifanya nijione nimetengwa, ingawa nilijua kwamba dini yenyewe imemruhusu mgonjwa. Nilianza kuzilipa siku zile mwaka uliofuata, moja kwa wiki, baada ya vipimo kuonyesha damu na figo ni sawa na daktari kuniruhusu. Ramadhani ya 2024 nilifunga yote.

Nilichojifunza kwa kufuturu ni kile kile cha asubuhi, kikiwa kimehamishiwa magharibi. Tende moja, si tatu. Finjani mbili za maji, kisha swala, na swala yenyewe ikawa ndiyo nusu saa yangu. Nikirudi naanza na samaki au kuku aliyelainika, na viazi vya nazi vikisubiri mwisho. Kaimati za shira sikuzigusa. Kuanzia baada ya tarawehe nilikunywa finjani baada ya finjani hadi nilipolala, na mama akazitoa tena zile komwe. Daku nililichelewesha kadiri ilivyowezekana: maji saa tisa na nusu, yai na mbaazi saa kumi na robo, na hakuna kunywa tena isipokuwa mafunda machache kabla ya adhana, hata kama yalikuja mapema kuliko nusu saa. Katika hilo nilivunja sharti kwa kujua, kwa idhini ya daktari, kwa kuwa hatari ya kukaukiwa na maji ilikuwa kubwa zaidi.

Hivi sasa nina kilo 79, na njaa imerudi kidogo, kama nilivyoambiwa kwamba ingerudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Saa ya chakula nimeiacha pale pale. Mama naye amebadilika. Zamani alikuwa akiniwekea kikombe mbele yangu pamoja na kisahani, na nikikisogeza pembeni alisema, “Mwanangu, chakula bila chai ni chakula gani?” Sasa huniletea samaki na yai, akalifunika birika kwa kitambaa kinene, akaliweka upande wake. Yeye mwenyewe hamimini. Hukaa nami dakani, tukizungumzia nani ameoa na jahazi lipi limetia nanga, na nikinyoosha mkono kabla ya wakati huitazama saa ya ukutani kupitia mlangoni, akauweka mkono wake juu ya kitambaa.

“Dakika kumi bado,” husema. “Tungoje.”